Ukurasa wa Mei

Kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani yetu, tarehe 4 Mei 2024, kijana ninayetaka kukusimulia habari zake alikuwa amejifungia chumbani, simu mkononi, anakariri maswali ya mtihani. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Maji yalibeba madaraja, mabasi yakalala njiani na abiria wake. Jumatatu iliyofuata kituo chetu cha afya kilijaa watu tangu alfajiri: homa, kuhara, watoto waliokesha ndani ya nyumba zilizoingiliwa na maji. Kijana alifika saa tano.

Sitakitaja kituo, itoshe kwamba kimo ndani ya Wilaya ya Kilwa. Jina la kijana pia nitaliacha, maana ameniruhusu nisimulie kwa sharti hilo. Lakini kosa langu lazima nilitangulize. Mimi ndiye niliyekuwa mfawidhi, muuguzi mkunga wa miaka mingi, na sahihi yangu ipo chini ya kila taarifa ya mwezi nitakayoieleza hapa. Nilisaini bila kufungua rejista. Kosa la kijana lilipita mkononi mwangu kabla ya kwenda wilayani.

Alikuja kwetu mwaka 2021 kwa mkataba, mtunza takwimu. Alikuwa na shahada ya kompyuta na miaka miwili ya kazi katika ofisi moja ya Dar es Salaam, na mwanzoni alishangaa kukuta afya ya watu imekaa ndani ya vitabu vikubwa vyenye majalada magumu. Kwa asiyevijua, hivi ni vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya tulioanza nao miaka ya 1990. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wodi ya wazazi. Kila mgonjwa na mstari wake. Kila siku mistari ile inahamishiwa kwenye karatasi ya tali, kijiti kimoja kimoja, na mwisho wa mwezi vijiti vinajumlishwa kuwa taarifa inayoingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta uliokuwa umefika mikoa yote ya Tanzania Bara mwishoni mwa 2013. Aliyeko wilayani, Lindi mjini au Dodoma hamwoni mgonjwa wetu. Anaona jumla ya vijiti vyetu.

Na kijana aliiweza kazi hii kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Huku pwani ya kusini mtu mmoja ana majina mengi. Kuna jina la kuzaliwa, kuna jina alilotoka nalo jandoni au unyagoni, na mwanamke akishazaa anakuwa Mama wa mtoto wake wa kwanza mpaka kaburini. Mjamzito anaandikishwa mimba ikiwa ya miezi mitatu kwa jina la kuzaliwa. Akirudi ikiwa ya miezi sita anamkuta mhudumu mwingine, anataja lile la unyagoni. Kitabuni wameshakuwa wajawazito wawili, na mmoja wao anahesabiwa mtoro wa kliniki. Tuliishi hivyo miaka. Kijana ndiye aliyeketi na kitabu namba 6 wiki nzima, akalinganisha kitongoji, umri, mimba ya ngapi, jina la mume, kisha akaniletea orodha.

"Mama, hawa hawakutoroka. Hawa ni walewale."

Tangu siku ile akatuwekea utaratibu: kabla ya kuandika chochote, muulize mama kama ana jina jingine analoitwa nyumbani. Swali la maneno machache, na watoro wakapungua kitabuni mwezi uleule. Hakuna kozi iliyomfundisha hilo. Alilitoa kwenye rejista na kwa kuwasikiliza watu waliokuwa kwenye benchi la kungojea.

Julai 2022 aliuona uzito wa kazi hiyo ndani ya mkoa wetu wenyewe. Zahanati ya Mbekenyera, wilayani Ruangwa, ilipokea wagonjwa wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Taarifa ikapanda ngazi kwa ngazi, sampuli zikapimwa, Ebola na Marburg hazikuwamo, na tarehe 18 Julai aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa 20, watatu wakiwa wamefariki. Kijana alilibandika tangazo lile ukutani juu ya meza yake. Akaniambia wagonjwa wawili watatu wa zahanati ya kijijini wametikisa nchi nzima kwa sababu kuna mtu aliona kisicho cha kawaida akakitolea taarifa siku ileile. Nilimpenda kwa maneno yale, na nadhani ndiyo yaliyonilaza usingizi baadaye. Nilishamweka kwenye kundi la watu wasiohitaji kukaguliwa.

Mwaka 2023 akaanza kuufuatilia mtihani. Simlaumu hata kidogo kwa hilo. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka kwa mwaka, na matangazo ya kazi za miradi aliyokuwa akiyasoma yalitaka cheti cha kimataifa. Alichokichagua ni CPHIMS, cheti cha wataalamu wa mifumo ya taarifa za afya kinachotolewa na HIMSS, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1961. Mwenye shahada ya kwanza anatakiwa awe na miaka 5 ya kazi ya mifumo ya taarifa, 3 kati yake ndani ya huduma za afya, na ya kijana ilikuwa inatimia 2024. Mtihani wenyewe ni maswali 115 ya kuchagua jibu, kwa saa 2. Yanayohesabiwa ni 100. Mengine 15 yamechomekwa kwa majaribio na mtahiniwa hajui ni yapi. Yanagusa namna ya kuchambua mahitaji na kusanifu mfumo, kuupima kabla haujatumika, ubora wa taarifa, faragha ya mgonjwa, na kuongoza watu wakati kazi inabadilika. Ukifaulu, cheti kinadumu miaka 3, kisha unatakiwa uonyeshe kwamba umeendelea kujifunza.

Haya yote yameandikwa kwenye mwongozo wa mtahiniwa, ambao hauuzwi, na mada zimepangwa humo moja baada ya nyingine. Kijana hakuwa ameusoma. Alikuwa amenunua desa.

Desa, yaani maswali na majibu ya kukariri, kila aliyepita chuo nchini analijua. Hili aliuziwa kwa simu na mtu asiyemwona uso, aliyeapa kwamba ni maswali yenyewe ya mtihani. Mamia ya maswali, kila moja na herufi yake. Na naomba niseme waziwazi ninavyowaona wauzaji hawa. Kama maswali ni ya kweli, yameibwa, na mtahiniwa anayeyatumia anavunja ahadi aliyoitia saini kwa chama kinachotoa cheti. Matokeo yake yanaweza kufutwa. Kama ni ya kutunga, pesa ya kijana imeibwa. Hakuna upande wa tatu. Wanawalenga hasa watoto wetu walio mbali na vyuo, ambao mtandao wao ni wa kubahatisha na hawana wa kumuuliza.

Alianza kukariri herufi. Nilimsikia akipita ukumbini akizitaja chini kwa chini, C, A, A, D. Nikimuuliza swali lenyewe linasemaje, ananijibu kwamba hana haja nalo, anachohitaji ni jibu.

Asubuhi moja ya Aprili 2024 alinikuta mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tali ya jana iko wapi?"

"Nitajumlisha mwisho wa mwezi, mama. Rejista si ipo?"

Rejista ilikuwepo, ni kweli. Nikamwachia. Mwezi ukaisha bila karatasi moja ya tali. Akaichukua taarifa ya Machi, akabadili tarakimu hapa na pale zisifanane sana, akaniletea jioni nikiwa na mzazi wodini. Nikaiweka juu ya goti, nikasaini.

Mwezi huohuo likatokea jambo jingine, na hili naliandika kwa uchungu. Kwenye kundi la WhatsApp la waliokuwa wakijiandaa na mtihani, mmoja wao aliomba kuona rejista ya Tanzania inafananaje. Kijana akapiga picha ukurasa wa kitabu namba 6 akautuma kama ulivyo. Kitabu hicho kina safu ya majina, safu ya kitongoji, na safu za majibu ya vipimo, kikiwamo cha VVU. Hakufunika kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Hata pasingekuwa na sheria hiyo, kuitunza siri ya mgonjwa tunaapishwa kabla hatujagusa sindano. Na ndani ya desa lake kulikuwa na maswali kadhaa ya faragha, yenye majibu ambayo alikuwa ameshayakariri yote.

Kundi lilikuwa na watu wa mikoa mingi. Mmoja wao alizaliwa kitongoji cha pili kutoka kwetu. Wiki haikuisha, neno likafika gengeni, na kutoka gengeni likafika kwenye nyumba ya mama mmoja wa ukurasa ule, ambaye alikuwa ameshahudhuria kliniki mara mbili. Nilimfuata kwake. Mkwewe alinijibu akiwa amesimama mlangoni, bila kunikaribisha ndani, kwamba amerudi kwao.

Picha ile kijana aliifuta baada ya nusu saa. Alidhani kufuta ni kurudisha.

Ndipo ikaja Mei. Alikuwa amepanga kuufanya mtihani nyumbani kwa kompyuta, chini ya kamera ya wasimamizi, Jumatatu ya tarehe 13. Jumapili ya tarehe 12 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukazorota nchini kote. Ikabidi asogeze tarehe mpaka mwisho wa Juni, akafanyie Dar es Salaam. Ilikuwa nafasi ya kurudi kazini. Pale ningemshika mkono nikamketisha mbele ya kitabu namba 5, ambacho kilikuwa kinajaa kurasa kwa kurasa, leo ningekuwa na habari tofauti ya kusimulia. Mimi nilikuwa nazunguka na wagonjwa. Yeye alinunua desa la pili.

Taarifa ya Mei ikatengenezwa kama ya Aprili. Yaani mwezi wa mafuriko, mwezi ambao kila aliyekuwa wilayani aliutaka kuliko miezi yote, sisi tuliutuma ukiwa na sura ya Machi.

Wilaya ilipokaa kugawa chumvichumvi za ORS, vidonge vya zinki, vipimo vya malaria na dawa ya kutibu maji, ilitazama mistari ya takwimu. Vituo jirani mistari yao ilikuwa imepanda. Wetu ulikuwa shwari, na kituo kilicho shwari hakipelekewi ziada. Usiku mmoja wa Juni baba mmoja alileta mtoto amemfunga mgongoni kwa shuka, macho yameingia ndani, ngozi ukiibana hairudi. ORS ilikuwa imetuishia siku mbili kabla. Nikachemsha maji nyumbani kwangu, nikapima sukari na chumvi, nikamnywesha kijiko kwa kijiko huku bodaboda ikitafutwa, kisha akapelekwa hospitali ya wilaya, Kinyonga, kule Kivinje. Alipona. Mimi nililaumu bohari, nikalaumu barabara, nikalaumu wilaya. Sikujua kwamba chanzo kilikuwa taarifa niliyoisaini mwenyewe.

Kijana akaenda Dar es Salaam, akafanya mtihani, akashindwa.

Kanuni za mtihani haziruhusu swali kutoka nje, na sasa anaziheshimu, kwa hiyo alinieleza kwa mbali tu. Alisema kulikuwa na swali kuhusu mtu mmoja aliyeonekana wawili ndani ya mfumo. Aliliona linafanana na moja la kwenye desa, akabonyeza herufi aliyoikariri bila kulisoma hadi mwisho. Njiani, basi likiwa linapita Nangurukuru, ndipo lilipomrudia kichwani lote, akatambua kwamba lilikuwa linauliza kitu alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe wiki ile nzima ya kitabu namba 6. "Mama, lilikuwa letu," aliniambia. "Lile la jina la unyagoni. Sikulijua."

Julai wakaja wasimamizi kutoka wilayani. Ukaguzi wao si mgumu. Wanachagua mwezi, wanaweka mezani vitu vitatu, rejista, tali na kilichoingizwa kwenye mfumo, na vitatu vinatakiwa vitoe jibu moja. Wakachagua Mei. Wakahesabu watoto wenye kuhara chini ya miaka mitano kwa kidole, mstari kwa mstari, na mimi nahesabu nao. Waliokuwa kitabuni walikuwa zaidi ya mara tatu ya walioandikwa kwenye taarifa. Tali haikuwepo.

"Nani alisaini?"

"Mimi," nikasema.

Walituachia agizo la kurudia miezi miwili yote. Tulikaa wiki tatu, jioni baada ya wagonjwa kuondoka, yeye anasoma mstari, mimi napiga kijiti. Siku ya kwanza alitaka kuchana taarifa ya zamani aandike mpya. Nikamkataza, nikamwambia habari ya shaba za Kilwa Kisiwani. Wafalme wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao, na mpaka leo watoto wanaziokota mchangani mvua ikipita. Jina lipo, mwaka haupo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kisiwani miaka ya 1960, na wataalamu wakaendelea kubishana mfalme Ali bin al-Hasan wa kwenye sarafu alitawala lini hasa, wakipishana kwa zaidi ya karne. Nuru ilitoka Pemba, mwaka 1984, ilipopatikana hazina ya Mtambwe Mkuu: sarafu za fedha zenye jina hilohilo zikiwa zimechanganyika na dinari za dhahabu zilizoandikwa mwaka, ya mwisho ikiwa ya 1066. Kisichoandikwa tarehe huwaachia wengine ubishi. Kijana akaacha kuchana. Kosa tulilikata kwa mstari mmoja unaosomeka, juu yake tukaandika idadi ya kweli, pembeni tarehe ya siku tuliyosahihisha.

Mkataba wake haukuvunjwa. Niliomba hivyo kwa maandishi, nikieleza sehemu yangu. Amejiandikisha tena. Safari hii amechapisha mwongozo wa mtahiniwa, na kando ya kila mada ameandika mfano kutoka kituoni kwetu. Kwenye ubora wa taarifa ameandika "Mei." Kwenye majaribio ya mfumo ameandika siku tuliyoingiza umri kwa miezi ukasomeka kwa miaka. Amemaliza pia kozi za mwanzo za DHIS2 zinazotolewa bure mtandaoni, zilizo chini ya Chuo Kikuu cha Oslo kinachouratibu mfumo huo. Miaka yote aliutumia kila mwezi bila kujua kwamba kuna mahali unafundishwa kwa anayetaka. Kwenye faragha hajaandika mfano. Amechora mstari tu.

Wewe unayejiandaa mwaka huu, Kilwa, Mchinga au popote, nakuomba uanze kwa kusoma mwongozo, na tali ya leo uifunge leo. Nawe mfawidhi mwenzangu, ukiletewa taarifa jioni, iache mpaka asubuhi, kisha ifungue pamoja na rejista.

Ukurasa wa Mei wa taarifa yetu upo kabatini, umejaa wino mwekundu, una tarehe na sahihi mbili, yake na yangu. Katika kitabu namba 6 hatukuwa na cha kusahihisha. Mstari wa yule mama una mahudhurio mawili. Safu zilizobaki ziko tupu.